Namba Kwenye Meno ya Mama Odette

Mwanangu Ngoie,

Kesho asubuhi, gari la kukupeleka kazini Kilwa, kule ziwani, litakapopiga honi hapa mlangoni, hutapanda peke yako. Mimi nitapanda, na Mama Odette, yule muuza samaki wa kona yetu, naye atapanda. Najua utanikazia yale macho uliyorithi kwa mama yangu, ya mtu anayetaka maelezo papo hapo, na dereva atakuwa ametega masikio. Ndiyo maana nakuandikia leo mchana, wakati umekwenda kwa shangazi yako kusukwa nywele. Nataka ujue kabla hujaweka mguu garini.

Sitakuambia uchemshe maji wala ulale ndani ya chandarua. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumapili, na nadhani ameliambia hata sanduku. Mimi nina jambo moja tu. Ni refu, ni baya, na ni langu.

Nianze na siku uliyonifurahisha. Wiki tatu zilizopita, mwishoni mwa mazoezi yako ya kazi, nilipita kwenye chumba cha upasuaji kukuchungulia. Ulikuwa umekwisha kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, bomba la kupumulia liko kooni, nawe umeshika kile kiputo kinachoning'inia nje, kando ya shavu. Ukakifinya kwa vidole viwili, ukainamisha kichwa kushoto, ukafumba macho kidogo, ukasema, "Iko muzuri." Muuguzi niliyesimama naye mlangoni akaanza kucheka.

"Papa Célestin, ule ni weye mwenyewe, umevaa tu kitambaa ya mwanamuke!"

Nilicheka naye. Nilivimba kichwa, nikatoka pale natembea kama askari wa gwaride. Nilifika mpaka kituo cha basi ndipo nikakaa kwenye jiwe. Kuinamisha kichwa kushoto hakumo katika kitabu chochote. Hakuna mwalimu aliyekufundisha. Hilo ulilichukua kwangu, ulipokuwa unakuja kunitazama kazini tangu mwaka wako wa kwanza wa shule ya uuguzi, na kama ulichukua hilo, basi umechukua na mengine. Ndiyo siku niliyojua kwamba siwezi kukuacha uende Kilwa, mahali ambapo utakuwa wewe peke yako unayelaza wagonjwa, ukiwa na vidole vyangu na ukimya wangu.

Mama yako ataisoma barua hii kabla yako, namjua, kwa hiyo nieleze kwa ajili yake. Mwisho wa lile bomba, ndani ya njia ya pumzi, kuna puto dogo tunalolijaza hewa kwa sindano. Linaziba pembeni, ili pumzi tunayomsukumia mgonjwa isirudi nje, na maji ya tumboni yasiteremke mapafuni. Ukilijaza kidogo mno, panavuja. Ukilijaza kupita kiasi, linakandamiza nyama laini ya ndani mpaka damu haipiti, na nyama isiyopata damu inaoza. Nafasi kati ya hayo mawili ni nyembamba, ishirini hadi thelathini kwenye kipimo, na kipimo chake kipo. Kile kiputo cha nje kimeunganishwa na puto la ndani, kwa hiyo unakichomeka kwenye kipimo, mshale unakuambia.

Sisi tulikuwa tunafinya. Kipimo tulikuwa nacho, usidhani hatukuwa nacho. Kilikuja kwenye boksi lake, kinang'aa, pamoja na vifaa vingine vya msaada. Mkuu wetu wa wakati ule alikigeuzageuza, akakisifu, akakifungia kabatini ili tusikiharibu. Unaijua tabia yetu hiyo. Kitu kizuri kinafungiwa mpaka kinazeeka kikiwa kipya. Mama yako naye ana sahani za namna hiyo, lakini sahani zake hazijamuumiza mtu.

Wala mimi sikukidai. Nilikuwa na sifa zangu. Wanafunzi waliletwa kwangu wajifunze kufinya: kiputo kiwe kigumu kama ncha ya pua, nikawaambia, si kama paji la uso. Wenzangu walikuwa wanasema, "Vidole ya Papa Célestin haiombake masini." Kwamba vidole vyangu havihitaji mashine: nililipenda neno hilo kuliko mshahara. Babu yako wa reli alikuwa akigonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo, akisikiliza mlio, na kwa mlio tu alijua gurudumu lipi lina ufa. Nikajiona nimerithi kipaji. Nilichosahau ni kwamba babu yako alipolitilia shaka gurudumu, alilipiga alama ya chaki, akamwita mwingine aje agonge naye, na treni ikangoja.

Sasa nikuambie ya Mama Odette.

Wewe unamkumbuka akiuza samaki tu, kwa hiyo hujui kwamba alikuwa mwimbishaji wa kwaya parokiani. Ulibatizwa yeye akiimba. Alikuwa anaanzisha wimbo bila kinanda, peke yake, na watu waliochelewa walikuwa wanakimbia huko nje barabarani kwa sababu walimsikia. Miaka kumi na sita iliyopita aliletwa kwetu na utumbo uliojifunga. Nilimlaza mimi. Bomba liliingia vizuri kabisa, nikalisoma: ishirini na moja kwenye meno. Tena kwa ajili ya mama yako: bomba lina namba pembeni kama rula, na namba inayokaa kwenye meno inakuambia limeingia kiasi gani. Nikalibandika plasta, nikalijaza puto, nikafinya, nikainamisha kichwa.

Katikati ya kazi daktari aliomba tuinamishe meza, tukamvuta mgonjwa kidogo upande. Plasta ilikuwa imelowa mate. Bomba likapanda, mimi sikuona. Baada ya muda nikasikia kooni mlio wa hewa, mdogo, kama mtu anayekoroma chini ya blanketi. Daktari naye akausikia, akajua panavuja.

"Célestin, iko navuya."

Nikafinya kiputo. Laini. Nikachukua sindano, nikaongeza hewa. Mlio ukanyamaza. "Iko muzuri, docta." Haukupita muda mrefu ukarudi, nikaongeza tena. Ukarudi mara ya tatu, nikaongeza mara ya tatu, na nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Ngoie, nilihitaji kuinama tu! Kuinama, kufunua mdomo kwa kidole, kusoma namba. Hewa haikuwa inavuja kwa sababu puto lilikuwa na njaa. Ilikuwa inavuja kwa sababu puto halikuwa mahali pake tena. Lilikuwa limepanda likakaa katikati ya nyuzi za sauti, na mimi nikawa nalijaza pale pale, juu ya ile sauti, kwa muda wote uliobaki wa kazi.

Nilipobandua plasta ili nimtoe bomba, niliona namba. Kumi na saba. Nilijua maana yake palepale, sitaki unitetee kwamba sikujua. Daktari alikuwa anavua glavu, muuguzi anahesabu vitambaa, hakuna aliyenitazama. Nikachukua karatasi ya kulaza mgonjwa, kwenye mstari wa bomba, nikaandika ishirini na moja mwanzoni, ishirini na moja katikati, ishirini na moja mwishoni. Kwenye mstari wa uvujaji nikaandika hakuna.

Tumbo lake lilipona vizuri sana. Sauti haikurudi. Daktari alimwambia itarudi, kwa sababu alisoma karatasi yangu na karatasi ilikuwa safi. Mimi nami nikamwambia itarudi. Kama ningesema, angetafutiwa daktari wa koo mapema, labda ingesaidia, labda isingesaidia. Hiyo labda nimekula nayo bukari, ugali wetu, kila siku mpaka leo.

Sasa lile kofi. Ulikuwa na miaka minane. Mama Odette alikuwa amekwisha kuanza kuuza samaki wakavu hapo kona, na kwa kuwa sauti yake haifiki hata ng'ambo ya barabara, alikuwa anagonga beseni kwa kijiko ili watu wageuke. Siku hiyo ulichukua beseni la mama yako na kijiko, ukasimama uani, ukakwaruza koo, "Samaki, samaki," na watoto wa jirani wakaanguka chini kwa kicheko. Ulikuwa unaigiza vizuri, kusema kweli. Nikatoka ndani nikakuzaba kofi mpaka beseni likakudondoka. Sikuwahi kukupiga kabla ya hapo wala baada ya hapo. Ulinitazama, ukauliza, "Papa, nilifanya nini?" Nikakuambia watu wazima hawachekwi. Ulikubali, ukaenda ukamwomba Mama Odette msamaha wewe mwenyewe, na yeye akakupa kipande cha samaki. Nilikuona ukirudi unakitafuna. Kofi lile lilikuwa langu, mwanangu. Ulilipokea kwa niaba yangu. Nisamehe.

Miaka ikapita. Mkuu mpya akaja, mtu asiyependa makufuli, akafungua kabati. Siku ya kwanza nilipokuwa peke yangu na kile kipimo, nilimlaza mgonjwa, nikajaza puto, nikafinya, nikajisemea ishirini na tano. Nikachomeka. Mshale ukapita thelathini, ukapita hamsini, ukaenda kusimama karibu na themanini. Nilidhani kimeharibika kwa kufungiwa. Nikajaribu kwa mgonjwa wa pili, wa tatu, wiki nzima. Mara chache nilipatia, mara nyingi nilikuwa mbali kama mtu anayetupa jiwe gizani. Vile vidole vilivyosifiwa! Tangu siku hiyo napima kila mgonjwa. Lakini wewe ulipokuja kunitazama, niliendelea kufinya kwanza, mbele yako, na kuinamisha kichwa, kabla ya kuchomeka kipimo. Nilikuwa napenda unavyonitazama. Kwa hiyo hata hilo ulilojifunza ulijifunza kwa majivuno yangu, na nimelikatia shauri: haliendi Kilwa.

Baada ya kukuona wiki tatu zilizopita, ilinichukua siku kumi na moja kufika kwa Mama Odette. Ni hatua mia mbili. Nilimkuta anapanga samaki, nikamwomba tukae ndani. Nikamweleza yote, mlio, sindano mara tatu, kumi na saba, karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi pia. Yeye akaniuliza, kwa ile sauti ambayo lazima usogee ndipo uisikie:

"Papa Ngoie, unajua mi nalisema ni nani njo alikula sauti yangu?"

Sikujua. Akaniambia. Alimsingizia wifi yake, Mama Feza, dada wa marehemu mume wake. Walikuwa wamegombana kabla ya operesheni, mambo madogo ya nyumba, na sauti ilipokataa kurudi, watu wakaanza kuulizana ni nani alikuwa anamwonea wivu. Odette mwenyewe alitaja jina, mbele ya familia nzima. Mama Feza alifukuzwa kama mchawi. Akaenda ziwani Kilwa, ndiko anakokausha samaki hadi leo. Mume wa Odette alipofariki, dada mtu alikuja mpaka Lubumbashi, wakamzuia mlangoni. Hakukaa matanga ya kaka yake wa tumbo moja.

"Miaka kumi na sita," akasema. "Samaki yangu nauzaka ya Pweto tu, kule mbali. Ile ya Kilwa njo iko karibu, lakini naliogopa mukono ya Feza. Na weye unapita hapa kila siku, unanisalimia, unajua?"

"Nalijua, Mama."

"Ulijua."

"Nalijua ya koo. Ya Mama Feza sikujua."

"Haukuuliza."

Ni kweli, sikuuliza. Nilidhani nimemnyang'anya mtu mmoja sauti, na kwa sababu alikuwa anauza samaki wake na kunisalimia, nikajifariji kwamba maisha yake yameendelea. Namba moja ya uongo kwenye karatasi ikatoka hospitalini, ikaingia kwenye nyumba ya watu, ikamtafuta wa kumlaumu, ikampata. Nililia mbele yake, Ngoie. Hakunibembeleza, na sikustahili.

Alinifukuza siku hiyo. Siku ya tatu akatuma niitwe. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda misa, na hakunipa kiti.

"Mutoto yako anaenda Kilwa siku gani?"

Nikamwambia.

"Bon. Tutaenda sisi batatu. Hautatuma barua, hautapiga simu. Utasema mbele ya yeye, na kinywa yako, vile ulisema mbele yangu. Minataka asikie kwa mutu mwenye alifanya."

Nikasema sawa. Mama yako, nilipomweleza, aliweka chini chungu alichokuwa ameshika, akasema tu, "Enda," na akaanza kunipigia pasi shati. Jana nimepeleka pia barua kwa mkurugenzi wetu wa hospitali, nimeandika yaleyale. Sijui wataniamulia nini. Huenda nisimalizie miaka yangu kwenye chumba cha upasuaji. Nitakubali, nami sitaki upige simu kwa rafiki zako wa hospitalini ili wanitetee.

Nikuambie basi mambo machache ya kazi, halafu niache.

Kipimo chako mwenyewe nimekufungia ndani ya soksi za sufu, katikati ya sanduku. Kikifika, kisiingie kabatini hata siku moja. Kining'inie kwenye mashine, kichakae, kichubuke. Upime ukishajaza puto, na upime tena kazi ikiendelea, kwa maana puto la asubuhi si lile la mchana: gesi ya kulaza inaweza kupenya ndani yake, joto linabadilika, mgonjwa anageuzwa. Kikiharibika siku moja na barabara imekatika kwa mvua, weka kipima moyo shingoni mwa mgonjwa, usikilize, ongeza hewa kidogo kidogo mpaka mlio unyamaze, na hapo hapo usimame. Hiyo siyo sawa na kupima, ni ya kuvukia siku tu, na siku hiyo uiandike hivyo.

Ukisikia panavuja, mkono wako wa kulia utakimbilia sindano. Nimeuona, unakimbia kama wangu. Uurudishe. Inama kwanza, soma namba kwenye meno. Daktari atakuwa anapiga kelele, mpe kelele zake, wewe inama.

Na utakosea. Sitaki kukudanganya kwamba barua hii itakukinga. Utakuwa peke yako, umechoka, taa zitazimika, na siku moja utabandua plasta uone namba usiyoitaka. Utakuwa na kalamu, na hakuna atakayekuwa anakutazama. Siku hiyo andika namba uliyoiona. Halafu nenda kwa daktari, halafu nenda kwa mgonjwa, siku hiyo hiyo, kabla familia haijaanza kutafuta jina la mtu. Halafu nipigie mimi. Sitakuuliza kwa nini. Nitakuuliza tu, namba gani, na wewe utaniambia.

Ukimaliza kusoma, unaweza kunikasirikia. Kasirika leo, kasirika njiani, barabara ya Kilwa inatosha hasira ya watu wawili na inabaki. Ila mpe Mama Odette kiti cha mbele, mgongo wake haupendi mashimo. Usimuulize kitu. Akitaka kusema atakugusa bega, basi msogezee sikio.

Sijui Mama Feza atatupokea vipi. Anaweza kutufukuza kabla sijafungua mdomo, ni haki yake. Nitasimama nje mpaka aniruhusu, na nitasema kwa mpangilio: ilikuwa kumi na saba, niliandika ishirini na moja, na wewe hukula sauti ya mtu. Nitarudi Lubumbashi peke yangu au na Mama Odette, kulingana na watakavyosemezana.

Leo asubuhi nimepita kwake kuona mizigo. Ana kifurushi kimoja cha nguo na lile beseni lake, tupu. Nikamwambia, Mama, gari litajaa, beseni la nini tena? Akaliweka juu ya goti, akalifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ya kuletea samaki ya Kilwa," akasema.

Papa yako,
Célestin